Ukuta wa Chumba cha Cherehani

"Hakuna ukuta uliowahi kunidanganya mimi," alisema Mama Chokaa huku akishuka garini. "Mizani ya bucha imenidanganya. Fundi saa amenidanganya. Marehemu baba yako alinidanganya miaka sita kwamba anajua kuogelea, mpaka siku alipotumbukia kwenye pipa la maji. Lakini ukuta, thubutu."

Akaubamiza mlango wa gari, akapiga hatua mbili za kishujaa, akarudishwa nyuma kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nusu ya gauni lake ilikuwa imebaki ndani.

"Nimesema ukuta," akamwambia binti yake. "Milango sikuitaja."

Binti akalizunguka gari akichechemea, akafungua mlango, akalinasua gauni. Kifundo cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimefungwa bendeji tangu wiki iliyopita, alipokuja kuiona nyumba hii kwa mara ya kwanza akarudi ameteguka. Kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwachagulia miwani, kazi ya kuketi, kwa hiyo mguu haukumzuia kitu isipokuwa haraka.

Mama yake jina la Chokaa alilipata kazini. Kwa miaka arobaini yeye na marehemu mumewe walizunguka mji mzima, mume akijenga na kupiga plasta, mke akifuata nyuma na ndoo na brashi. Sasa alikuwa amestaafu. Magoti yalikuwa yamemgomea, na macho yalimwonyesha dunia kama kitu kilichopakwa chokaa mkono wa kwanza tu. Ila vidole vyake havikuwa na habari za kustaafu. Aliugonga ukuta kama mtu anayebisha hodi, akatega sikio, kisha akakwambia: hapa mchanga ulizidi, hapa saruji iliibwa, hapa fundi alikuwa na njaa. Ndiyo maana leo ameletwa. Mkwe wake, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa amesema kwa simu maneno ambayo Mama Chokaa alikwisha kuyarudia kwa majirani wote: "Mama akisema ndiyo, tunanunua. Mama akisema hapana, tunaendelea kutafuta."

"Ni hii," binti akasema. "Ya zamani, lakini ni katika zile zilizojengwa watu wakiwa bado hawana haraka."

Mama Chokaa akavaa miwani. Akaona geti, akaona paa la bati, akaona dirisha la mbele lenye nondo zilizokunjwa mfano wa mikia ya jogoo. Akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa tena. Mikia ya jogoo ikabaki palepale. Alikuwa amezipaka rangi nondo zile yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, akimlaani mchomelea vyuma aliyezikunja, miaka thelathini na mmoja iliyopita.

Njiani hakuijua njia. Wakati ule hapa palikuwa na vumbi la kufika magotini na vichaka. Leo kuna lami, maduka na nguzo za taa. Isitoshe alikuwa akijisifu tangu nyumbani, na mtu anayejisifu hachungulii dirishani.

"Vipi, mama? Uliwahi kufanya kazi huku?"

"Mimi? Mtaa huu ndio kwanza naukanyaga leo."

Uongo ulitoka laini, bila hata kikohozi, kama plasta ya mkono wa mwisho. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na ukuta mmoja ambao kweli haukuwahi kumdanganya. Yeye ndiye aliyeutumia kudanganya mwenzake.

"Tuanze na mtaa," akasema haraka. "Nyumba unaweza kuitengeneza. Jirani hatengenezeki."

Binti hakukataa, ni kwa ajili ya ujuzi huo alimleta. Asichokijua ni kwamba mama yake alikuwa akitafuta kasoro kwa bidii, kasoro yoyote, kubwa kiasi cha kuwarudisha garini kabla geti halijafunguliwa.

Walianza na dobi wa pembeni. Mama Chokaa hakumuuliza lolote kuhusu umeme. Aliinama tu akachungulia chini ya meza yake. Dobi anayeteswa na umeme huwa ameficha pasi ya mkaa karibu. Chini ya meza ya huyu kulikuwa na paka na ndala moja.

"Unatafuta nini, bibi?" dobi akauliza.

"Ndala ya pili," akajibu, akaenda zake.

Akauangalia mtaro. Ulikuwa mkavu, umezolewa taka. Akaziangalia kuta za majirani sehemu za chini, kutafuta ule mstari wa kahawia ambao mafuriko huuacha kama sahihi. Hakuna mstari. Akahesabu makufuli kwenye mageti, maana mtaa wenye makufuli matatu kwa kila geti umekwisha kukwambia habari zake. Kufuli moja moja, na geti la tatu lilikuwa wazi kabisa, mtoto mdogo amekaa kizingitini anamlisha kuku.

"Yule mchomelea vyuma wa ng'ambo ya barabara atawaua kwa kelele," akajaribu.

"Anahama mwisho wa mwezi, mama. Nilimuuliza."

"Na huyu kuku je?"

"Mama, umekuja kununua au kugombana?"

Fundi viatu kwenye kona ndiye aliyemmaliza kabisa. Alipoulizwa kuhusu majirani alisema hapa watu wanagombana kama kawaida, lakini wakikugombeza wanakugombeza mbele, na ukiumwa wanakuletea uji. Kisha akaongeza bila kuulizwa: "Na huyo mama mshonaji anayeuza, mkinunua kwake mmenunua kwa mtu. Hajui kuficha. Ukimpelekea suruali inayokubana anakwambia umenenepa."

Mama Chokaa akahisi kama kipande cha kokoto kimeingia kwenye kiatu, ila si kiatuni.

Mshonaji aliwafungulia geti mwenyewe, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo, mwembamba, anayemwangalia mtu kwanza mabegani na kiunoni, ndipo usoni. Alikuwa anahamia kwa mwanawe mji mwingine.

"Shikamoo, mama," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mguu unaendeleaje? Na huyu ndiye mama? Karibu, dada, karibu sana. Binti yako wiki iliyopita kanitisha. Kasema mama yake anaona mpaka ndani ya ukuta."

"Watoto wanatia chumvi," Mama Chokaa akasema, akaangalia chini.

Walikuwa wamekwisha kuonana zamani, mara moja tu, kama dakika tatu. Mama Chokaa na mumewe walikuwa wanatoka na ngazi na ndoo, wamejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Huyu alikuwa anaingia, kijana bado, cherehani kichwani, mumewe nyuma na godoro. Alisimama akawapa pole ya kazi. Akachungulia chumba cha nyuma, akasema, "Ukuta mzuri jamani, kama shuka mpya." Akawaletea maji ya kunywa kwa jagi. Mama Chokaa aliyanywa maji yale. Mpaka leo akikumbuka, yanapita kooni yana ladha ya chokaa.

Sebule ilikuwa sawa. Akagonga, akasikiliza, ikajibu kwa sauti nzito, sauti ya ukuta ulioshiba. Vyumba viwili vya mbele sawa. Bati halikuvuja, dari haikuwa na ramani ya mkojo wa panya. Binti alikuwa anafuata nyuma na uso unaozidi kung'aa, kama mteja anayesoma mpaka mstari wa mwisho wa herufi ndogo.

"Sasa chumba cha cherehani," mshonaji akasema, akasimama mlangoni kwanza. "Hapa nawaambia kabla hamjaona. Kuna ufa. Na ufa huo ni mimi."

Ulianzia pembe ya dirisha, ukateremka kimshazari mpaka kona ya sakafu, mpana wa kuingia kidole. Uliwahi kuzibwa mara nne au tano, kila mara kwa rangi tofauti kidogo, kama suruali yenye viraka.

"Wewe kivipi?" binti akauliza.

"Cherehani, mwanangu. Nilikuwa naiweka hapa chini ya dirisha, penye mwanga. Mwaka wa pili tu ukuta ukaanza. Nikishona mapazia, nguo nzito, unatetemeka wote. Nikaweka blanketi chini ya miguu ya cherehani. Haikusaidia. Mwisho nikaitoa nje barazani, nimeshonea huko miaka ishirini na nane, upepo unanipeperushia vitambaa. Marehemu mume wangu mpaka anaingia hospitali alikuwa ananiambia, wewe na cherehani yako mtakuja kutuangusha." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuzoea. "Ndiyo maana bei yangu ipo chini. Siwezi kumuuzia mtu ukuta niliouvunja mwenyewe kwa bei ya ukuta mzima."

Mama Chokaa akaugusa ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi yeye na mumewe waliuziba. Ila wahenga hawakuwahi kusema uuzibe kwa gunia.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mwenye nyumba wa wakati ule, mfanyabiashara mmoja mwenye saa kubwa, aliwaita siku ya Alhamisi. Mnunuzi anahamia Jumamosi, akasema, na huo ufa asiuone. Mumewe, mwashi wa kweli, hakutaka kuziba bila kujua. Alichimba chini ya kona kwa nje, akafika kwenye msingi, koleo likazama. Kona nzima ilikuwa imekaa juu ya shimo la choo cha zamani lililojazwa takataka na matofali mabovu. Mwashi akamwonyesha mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaangalia saa yake. "Funikeni," akasema. Wakafunika. Mwashi alisokomeza gunia na magazeti ndani ya ufa, akapiga plasta juu yake, na mkewe akapaka mikono mitatu kwa ustadi ambao hajawahi kuufikia tena. Kazi ile ndiyo iliyomnunulia binti yao viatu vya kwanza vya shule. Usiku ule mumewe hakula. Yeye alikula, akala na sahani ya mumewe, na hilo nalo hajawahi kulisahau.

"Basi kama ni cherehani, hakuna neno," binti akasema. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa dirisha, anapumzisha mguu. "Ikiondoka, ufa utatulia. Mama, hapa ndipo tunapotaka kupandisha ghorofa. Chumba kimoja juu, cha watoto. Wote watatu watalala hapo, wapate hewa. Unasemaje?"

Wanawake wawili wakamwangalia Mama Chokaa. Nje dobi alikuwa anapiga mluzi.

Kusema "hapana" tu kungetosha, Mama Chokaa akawaza. Hapana, siipendi, twende. Binti angenung'unika, mkwe angetii. Wajukuu wangelala kwingine, salama, na yeye angelala na siri yake, kama kawaida. Akafungua mdomo kusema hapana. Macho yake yakaangukia kwenye sakafu chini ya dirisha, akaona alama nne za mviringo, za miguu ya cherehani, na kuzizunguka, mstatili uliopauka mahali blanketi lilipokaa. Mtu alikuwa amekunja blanketi lake akalitandika chini ya chuma, ili ukuta wa Mama Chokaa usisumbuke.

Na baada ya wao kuondoka angekuja mnunuzi mwingine. Mshonaji angesimama tena mlangoni amwambie: ufa huo ni mimi.

"Nishikie," akasema. Akavua miwani, akampa binti yake. Akapiga magoti, na magoti yakalalamika kwa sauti ambayo wote waliisikia. Akaweka sikio sakafuni, akagonga. Hakuhitaji kugonga, lakini mtu anayekwenda kusema kweli kwa njia ya mzunguko lazima aanze mahali.

"Cherehani haipasui ukuta," akasema akiwa bado chini. "Ingekuwa inapasua, washonaji wote wangekuwa wanalala nje. Dada, wewe hujavunja kitu hapa. Ufa huu umekukuta."

"Umenikuta?" mshonaji akasema. "Nilipoingia ukuta ulikuwa kama shuka mpya."

"Shuka linafunika kitanda chochote." Hakumtazama. "Huku chini pana shimo. La choo, la zamani, halikujazwa vizuri. Kona imekaa juu yake kama mzee juu ya kiti kibovu. Ukiweka ghorofa hapa, mwanangu, utawalaza watoto wako juu ya shimo. Lazima kwanza pachimbwe, uchafu wote utolewe, pajazwe mawe na zege, msingi ushikwe upya. Ni kazi ya wiki tatu, fundi hodari ataiweza. Baada ya hapo nyumba ni nzima, na bei yake ni bei ya nyumba nzima."

Binti alikuwa ameshika miwani ile kwa vidole viwili. "Umejuaje ni la choo?"

"Pua."

"Miaka thelathini baadaye?"

"Pua zangu ni za zamani. Zamani walitengeneza vitu imara."

Mshonaji hakucheka. Alikwenda taratibu akaweka kiganja chake juu ya ufa, jinsi mtu anavyomgusa mtoto kuona kama homa imeshuka.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Mume wangu kafa anajua ni mimi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Hata mtoto angejua kwamba neno linalofuata ni "ni mimi." Lilikuwa limekwisha kupanda mpaka kwenye ulimi, fupi, silabi tatu, mtu halipi chochote kulitamka. Mama Chokaa akalimeza kama alivyoyameza yale maji ya jagi.

"Pole, dada," akasema badala yake.

"Unanipa pole ya nini? Umenitua mzigo." Mshonaji akajifuta macho kwa ncha ya futi ya kupimia. "Mungu akuweke. Watu wamekuja hapa kumi, na madalali wao, na mafundi wao wenye kalamu masikioni. Hakuna aliyeniambia hivyo. Wewe hujaijua nyumba yangu hata saa moja, umeona."

Shukrani ile ilikuwa nzito kuliko tusi lolote aliloweza kulitarajia. Mama Chokaa akajiinua kwa kushika ukuta wake mwenyewe. Chumba kilikuwa kimepungua hewa. Alitaka mahali penye mlango wa kufunga, akae peke yake hata dakika mbili, asiangaliwe kwa macho ya shukrani.

"Naomba nijisaidie," akasema.

"Mwisho wa ujia, upande wa kushoto. Lakini subiri, dada, taa ya huko imeungua. Ngoja nilete tochi, maana kuna..."

Hakusubiri. Alikuwa ameshaingia. Ujia ule haukuwa na dirisha. Ulikuwa mweusi kama ndani ya buti. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa na urefu wa ujia mmoja. Alipita akiburuta viatu, kiganja kikifuata ukuta, kichwani ana mshonaji na blanketi lake. Hatua ya sita, ya saba. Kwenye ya nane, pale ambapo sakafu inashuka ghafla kidato kizima bila kumwarifu mtu, mguu wake wa kushoto ukainuka, ukatafuta chini, ukatua polepole mahali pake. Wa pili ukafuata. Wala hakufikiri. Miguu yake ilikuwa imeshuka hapo mara mia na ndoo mbili za chokaa, na miguu haikuwa imeambiwa kwamba leo tunadanganya.

Akageuka. Mwangaza wa chumba cha cherehani ulionyesha vivuli viwili vimesimama mwanzo wa ujia.

"Hapo ndipo nilipoteguka mguu," binti akasema. "Mchana kweupe, taa inawaka. Na dalali naye alianguka hapohapo."

"Kila mtu anaanguka," mshonaji akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza kupima kitu. "Mimi mwenyewe nilianguka mwaka mzima."

"Nimekiona," Mama Chokaa akasema. "Kidato si hiki hapa? Mnakitangaza kama mlima. Mtu ukiwa na macho unakiona."

Binti akaja hatua mbili, akichechemea, akasimama juu ya kidato. Akaongea polepole na kwa upole, vile anavyowaambia wateja wake habari wasizotaka kusikia.

"Mama," akasema, akainua mkono wake, na kitu kikametameta kidogo gizani. "Miwani yako ninayo mimi."